MAJINA YA KAZI ZA KALE NA WATU WALIOITWA KWAYO

Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Magu



 Katibu aliponiandikia barua aliniachia hiari ya kuchagua jambo la kusemea, ila aliniomba lisiwe la mishahara, kwa kuwa la mishahara lina siku yake. Basi nimechagua jambo dogo lililo mezani petu kila siku, nalo ni ile nafasi moja katika fomu zetu iliyoandikwa juu yake neno KAZI.

Sisi tulio wengi hapa tumeijaza nafasi hiyo mara nyingi hata hatuioni tena. Mtu aja na shauri la mirathi, au la kiwanja, au la cheti cha kifo cha mzazi wake. Twamwuliza jina, umri, mahali pa kuzaliwa, kisha twafika hapo: kazi ya marehemu? Naye hujibu kwa neno alilolikuta nyumbani kwao. Asema, "Alikuwa dresa." Au, "Alikuwa mnyapara wa barabara." Au, "Alikwenda manamba." Karani kijana huinua macho, huyashusha, kisha huandika: Mkulima. Nimeona jambo hilo likitendeka katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Bibi kizee mwenye haja aliitazama kalamu ikienda, naye hajui kusoma, akashukuru akaondoka. Baba yake alifunga vidonda vya watu miaka na miaka katika zahanati ya mtemi, na katika karatasi za Serikali hakupata kushika bandeji hata siku moja.

Sisemi kwamba kulima ni aibu. Wasukuma tumelima sote, na hata karani mwenye tai shingoni ana jaruba lake la mpunga. Lakini ikiwa kila marehemu wa wilaya hii ataandikwa mkulima, na kila mwanamke mama wa nyumbani, basi atakayefungua majalada yetu baada ya miaka mia atadhani kwamba katika nchi hii hapakuwa na mtu aliyebeba, aliyefua chuma, aliyefinyanga, aliyepima, aliyezalisha wala aliyetibu.

Na tuanze na jina letu wenyewe, maana haifai kuchungulia nyumba za watu kabla ya kufagia ya kwetu. Neno karani limetujia kutoka Bara Hindi. Waingereza waliokaa huko Bengali nao waliliokota, wakalitamka kwa namna yao, wakawaita hivyo watu wa kule walioandika Kiingereza maofisini. Nalo limo katika kamusi ya Yule na Burnell iliyopigwa chapa mwaka 1886. Walakini neno lenyewe ni la zamani zaidi. Abul Fazl, waziri wa Sultani Akbar, alipoandika habari za dola ya bwana wake mwishoni mwa karne ya 16, aliwataja watu wa chombo cha baharini kila mmoja na kazi yake. Yumo nahodha. Yumo mwalimu, ambaye chomboni si mwenye kufundisha watoto bali ni mwenye kujua nyota na njia. Yumo serahangi. Na yumo karani, ambaye kazi zake ni mbili: kuweka hesabu ya chombo, na kuwagawia abiria maji ya kunywa.

Mabwana, nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu kwa furaha. Mwenye kalamu na mwenye kata ya maji ni mtu mmoja! Fikirini chombo kimekaa baharini siku nyingi, upepo hakuna, na pipa linapungua. Nani mle ndani atakayemkasirisha karani?

Neno la Kiingereza lenye maana hiyo nalo lina shina moja na neno lao la mtu wa kanisa, kwa kuwa zamani huko Ulaya waliojua kusoma walikuwa karibu wote watumishi wa dini. Ile Kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara Bara Hindi iliwaita makarani wake vijana "waandishi" tu, na jengo walilojengewa Calcutta katika karne ya 18 laitwa mpaka leo Jengo la Waandishi. Nasi leo twasoma katika matangazo ya kazi za Serikali yetu kwamba anatafutwa Mwandishi Mwendesha Ofisi. Wako waliodhani cheo hicho ni kipya.

Nchini mwetu jina la karani lilipanda juu sana. Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa karani mkuu huko Tanga. Mwaka 1922 alianzisha hapo chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, nacho ni babu wa vyama vya watumishi vilivyofuata. Na mwaka 1931 alivuka bahari kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Siku zile kumwita mtu karani kulikuwa kumwinua. Siku hizi kijana atokaye chuoni hulikataa jina hilo, ataka kuitwa ofisa hata kama meza yake ni ileile. Hata hivyo, ilipofika sensa ya Agosti 2022, Serikali ilipotaka watu wa kuingia kila nyumba na kuuliza kilichomo, iliwaita makarani wa sensa, na watu wakawafungulia milango.

Sasa tutoke ofisini twende njiani. Mwaka 1875 Stanley alifika Kageye, katika ufuko huu wetu wa Ziwa, pamoja na mashua yake iliyoitwa Lady Alice. Mashua ile haikuja kwa maji. Ilikuwa imegawanywa vipande, na vipande vikaja mabegani mwa watu kutoka pwani ya bahari. Vitabu vyote vyalijua jina la mashua. Waliobeba waliitwa wapagazi, na mbele yao alitangulia kirangozi mwenye bendera, aliyejua njia, na maji, na desturi za kila mtemi watakayepita kwake. Kwa Wanyamwezi wa karne ile kazi ya upagazi haikuwa ya kudharauliwa hata kidogo. Kijana asiyewahi kwenda pwani na mzigo alichekwa kama mtu asiyebaleghe. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 njia za wapagazi zilikuwa zimekwisha kuota majani, na jina nalo likaanza kusahauliwa. Leo mchukua mizigo wa stendi ukimwita mpagazi atadhani wamtukana, au wamwambia amepagawa.

Katika msafara ule alikuwamo mnyampara, msimamizi wa kikundi cha wapagazi. Neno hili nawaomba mlitazame vizuri, maana ni letu. Unyamwezini wanyampara walikuwa wazee wa baraza la mtemi. Nasi Wasukuma mzee mwenye heshima twamwita namhala, na yeyote mwenye masikio asikia kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Basi mzee wa baraza akawa msimamizi wa msafara. Msafara ulipokwisha akawa msimamizi wa vibarua wa barabara na mashamba ya mkonge. Na mwisho wa safari yake, mnyapara wa leo ni mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake gerezani. Neno limetoka kiti cha baraza likafika nyuma ya nondo, na kila hatua walikuwapo makarani walioliandika bila kuuliza lilikotoka.

Ya askari nitayapita mbio. Wazee waliotumika zamani za Wajeremani waliitwa ombasha na shaushi, majina ya Kituruki, kwa sababu askari wa kwanza wa Wissmann mwaka 1889 wengi walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, wakaja na vyeo vyao. Ombasha maana yake ni mkuu wa watu kumi. Waingereza walipochukua nchi wakaja koplo na sajini, na ombasha akazikwa na waliomjua. Ukoo uliobakiwa na jina hilo kama jina la babu wapaswa kuambiwa maana yake.

Msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Waingereza wana neno "knave", ambalo leo ni tusi la mtu mjanja asiye mwaminifu. Hapo kale maana yake ilikuwa mtoto wa kiume tu. Mtoto akawa mtumishi, mtumishi akadhaniwa mwizi, na jina likaoza mikononi mwa mabwana. Lakini neno lao jingine, "knight", nalo lilianza na maana ya kijana mtumishi, likapanda mpaka likawa cheo ambacho Mfalme humtunukia mtu kwa kumgusa bega kwa upanga. Watumishi wawili walianza safari sawa, mmoja akatupwa jalalani na mwenziwe akaketi karibu na kiti cha enzi. Hata mkuu wa majeshi, yule wanayemwita "marshal", asili yake ni mtunza farasi. Saisi wetu hakubahatika hivyo. Lakini nadhani ni kwa sababu ya ndorobo, maana nchi isiyo na farasi haiwezi kumpandisha cheo mtunza farasi.

Na mabibi wasikilize hili. Mwanamke asiyeolewa, katika madaftari ya ndoa ya Uingereza, aliandikwa kwa neno ambalo asili yake ni msokota nyuzi, na neno hilo halikuondolewa madaftarini mpaka mwaka 2005. Lilikuwa limekwisha kuwa neno la kejeli, nami sisikitiki kwamba limeondolewa. Lakini angalau lilihifadhi habari kwamba mwanamke yule alikuwa na kazi mkononi. Daftari zetu zasema mama wa nyumbani, basi. Mfinyanzi ambaye vyungu vyake vilipikia nusu ya kata, mkunga wa jadi ambaye nusu ya mkutano huu ulipita mikononi mwake, wote ni mama wa nyumbani. (Na kompyuta, kwa wasiojua, lilikuwa jina la mtu kabla halijawa jina la mashine, alikuwa ni mtu wa kufanya hesabu. Tuangalie na sisi.)

Nafika sasa kwenye majina yenye uchungu. Babu yangu, mzaa baba, alitumika nyumbani kwa Mzungu mmoja. Bwana huyo alipoondoka alimwandikia cheti cha sifa, nacho ninacho mpaka leo, kimeandikwa kwa mashine, mistari minne ya Kiingereza. Chasema kwamba huyu ni boi mwema, mwaminifu, ajua kupika na kupiga pasi. Wakati huo babu alikuwa na watoto wanne, na alikuwa amekwisha kumtolea mdogo wake mahari. Kijijini hakuna aliyethubutu kupita mbele yake bila kuinama kidogo. Mtoto wa kiume katika Kiingereza ni boi, na mzee wangu aliitwa hivyo asubuhi, mchana na jioni mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe.

Lakini ajabu ni hii. Nilipokuwa mdogo nikimwuliza kazi aliyofanya, alijibu, "Nilikuwa boi," na aliitamka kama mtu atajaye cheo. Alikuwa na haki. Alikijua chakula cha watu wawili na cha watu ishirini, alikijua kitambaa gani chataka moto mdogo, na mshahara wake ndio uliomsomesha baba. Baba naye hataki kulisikia neno hilo. Yeye husema mzee alikuwa mpishi. Ilipofika zamu yangu ya kujaza karatasi ya ukoo, niliandika yote mawili: mpishi, aliyeitwa boi. Sikuona njia nyingine ya kumheshimu babu na baba pamoja.

Najua wako wanachama, na wengine wameketi hapa mbele, wasemao kwamba maneno kama boi, kuli na manamba ni makovu ya kutawaliwa, yaachwe yafe yazikwe. Nawaheshimu, na kwa sehemu nakubaliana nao. Mtu aliye hai asiitwe boi na mtu yeyote, wala tarishi wetu asiitwe kwa kidole. Lakini aliyekufa ni shauri jingine. Manamba ni nani? Ni mtu aliyeandikishwa kwa tarakimu, akapelekwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, akaitwa kwa namba yake badala ya jina alilopewa na mama yake, na kazi yake ikahesabiwa kwenye kipande siku 30 moja moja. Hayo yote yamo ndani ya neno moja. Ukilifuta ukaandika mkulima, hukumfuta mtu aibu. Umemfuta aliyemtia aibu. Msimamizi na shamba wametoka bila doa, na marehemu amebaki na jembe ambalo hakulishika kwa hiari yake.

Vilevile yapo majina ya fahari tutakayoyapoteza kwa njia hiyohiyo. Katika nchi hii ya pamba, kabla ya kuundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria mwaka 1955, wakulima walikwisha kuchoka na mizani ya wanunuzi, wakaweka watu wao wenyewe wa kupima pamba upya kabla haijauzwa. Kazi ya mpimaji yule ilikuwa kusimama karibu na mzigo na kusema uzito kwa sauti. Wazee walioishi siku zile wanawakumbuka. Katika majalada, nadhani mmekwisha kulijua jibu, wao ni wakulima.

Nimebakiza jina moja, nalo ni zito kuliko yote niliyoyataja. Kisukuma kina nfumu, na kina nogi. Nfumu ni mwenye kuagua na kutibu. Nogi ni mchawi. Hakuna mtoto wa Kisukuma awezaye kuchanganya mambo hayo, kama vile asivyoweza kuchanganya mbwa mlinzi na fisi. Walakini Waingereza walikuja na neno la kwao la kale, "witch-doctor", ambalo limeunganisha uchawi na uganga katika mwili mmoja. Wakalibandika kwa nfumu, na wakalimani na makarani wakalibeba kutoka barazani mpaka kwenye faili. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928. Tokea hapo mtu aliyeitwa kutafsiri alikuwa na maisha ya mwenziwe katika ulimi wake. Je, mzee huyu amekutwa na dawa za uganga, au na vitu vya uchawi? Neno moja lilitosha.

Ilichukua miaka mingi mpaka sheria nyingine, ya mwaka 2002, ilipowapa waganga wa tiba asili jina lao na Baraza lao. Lakini ugonjwa wa kuchanganya majina haukupona. Sote twajua mambo yaliyotendeka katika mikoa hii ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe wakiuawa kwa mapanga usiku kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi jikoni miaka yote waliyotupikia. Kabla ya panga huja jina. Mtu mmoja husema "mchawi", wa pili hurudia, na wakati mwingine wa tatu huja ofisini kwetu na mashtaka, akataka neno hilo liandikwe kwenye karatasi yenye muhuri, kana kwamba ni kazi ya yule mama. Hapo, mabwana, karani aliye mezani ndiye mlango wa mwisho. Na aandike, "Mlalamikaji adai." Na aandike jina la bibi yule, na kazi yake ya kweli, kwamba ni mfinyanzi, au mkunga, au mama wa watoto saba. Na kabla wino haujakauka amwarifu mtendaji na polisi kwamba kuna mtu yuko hatarini. Asiliache neno lile lipite kama mizigo mingine ipitavyo.

Basi nina shauri moja ningependa mkutano ulipigie kura. Nimenunua daftari kubwa la mistari, nalo nimelikabidhi kwa Katibu. Kila mwanachama akutanaye na jina la kazi ambalo halijui, asilitupe. Alijaze katika fomu kama lilivyotamkwa, kisha aandike pembeni maelezo kwa neno la siku hizi: dresa, yaani mtibu wa vidonda katika zahanati; ng'wanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, kabla utemi haujaondolewa mwaka 1963. Halafu jioni alinakili katika daftari hilo, pamoja na kijiji alikolisikia na miaka ambayo kazi hiyo ilifanyika. Daftari likijaa, naomba chama kipeleke nakala moja Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ambako nyumba ya mhunzi na ya nfumu zimewekwa watu wazione. Zana za kazi wanazo. Majina yote hawawezi kuwa nayo bila sisi, kwa maana watu hawaendi makumbusho kutaja kazi za baba zao. Huja kwetu.

Kurasa mbili za kwanza nimekwisha kuzijaza. Nimeacha mstari mmoja wazi baada ya neno msaga sumu, ambalo mzee mmoja wa Kahangara alilitaja katikati ya mazungumzo kisha akakataa kuendelea kwa kuwa wajukuu walikuwapo. Mwanachama mwenye mvi kuliko zangu na amwendee.

Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Wenye maswali nawasikiliza.